Barua Isiyo na Kosa

Sehemu ya Sita

Msomaji, wiki nzima umemwacha Nukta amesimama sebuleni kwa shangazi yake, barua mkononi, uso umemkunjamana kama mtu aliyetafuna ndimu na mbegu zake. Miguu imekwisha kumuuma. Turudi tumtoe.

Kwa aliyechelewa, nitasema mara moja tu. Nukta ni msomaji wa prufu gazetini. Kazi yake ni kuwinda makosa kabla kurasa hazijapelekwa mtamboni, na jina hilo alibandikwa na wenzake siku aliposimamisha mtambo mzima kwa sababu ya nukta moja iliyosahaulika. Shangazi yake ni mshonaji wa sare za shule, naye ndiye aliyemlea Nukta na mdogo wake tangu walipofiwa na wazazi. Siku tatu zilizopita shangazi alipokea barua kwamba ameshinda bahati nasibu. Leo saa kumi wakala anakuja nyumbani kuchukua ada ya kufungulia zawadi.

Nukta alikuja mbio kuisoma hiyo barua ili amwambie shangazi ni ya matapeli. Mistari miwili ya mwanzo ilikuwa salama. Katika mstari wa tatu akaona alama moja, na hapo ndipo tulipomwacha.

Ilikuwa nukta mkato. Ile nukta iliyoikalia koma.

Niambie, ni nani siku hizi anayeandika nukta mkato? Wahariri wameisahau. Wanasheria wanaiogopa. Katika gazeti lao zima alikuwako mtu mmoja tu aliyeipenda, na kila wiki alikuwa akigombana na wenzake kwa ajili yake. Mtu huyo ndiye aliyekuwa ameshika barua.

Barua ile aliisahihisha yeye.

"Mbona umenyamaza?" shangazi aliuliza. "Umeona kosa?"

"Hapana, shangazi."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Nilijua!" Shangazi alipiga makofi. "Si wewe uliyenifundisha? Uliniambia, shangazi, ukiletewa barua ya pesa tazama kwanza maandishi, matapeli hawajui kuandika. Utakuta *hongela*, utakuta *zawaidi*. Basi nimekaa nayo siku tatu, miwani usoni, neno kwa neno. Ni safi kama shuka jipya."

Nukta aliketi bila kukaribishwa.

Alikumbuka yote. Miezi miwili nyuma, saa ya chakula cha mchana, mdogo wake aliingia katika chumba cha prufu na karatasi moja iliyopigwa chapa. Huyo mdogo wake mtaa mzima humwita Dili, kwa kuwa hajawahi kuamka bila kuwa na dili.

"Kaka, nisaidie," Dili alisema siku hiyo. "Jamaa yangu ana duka la vyombo, anataka kuwazawadia wateja wake wa zamani. Lakini maandishi yake, ukiyasoma unaweza kulia."

Kweli yalikuwa ya kulia. Nukta alichukua kalamu nyekundu akaingia kazini. Jina la kampuni halikuwako, palikuwa na mstari mtupu. Aliuliza. Akaambiwa jina bado linasajiliwa. Hakuuliza tena.

Na unajua kwa nini hakuuliza? Kwa sababu Dili alisema, "Chini pale ongeza maneno yako mwenyewe, kaka. Ya busara. Tunataka kila mteja apate yake kimyakimya, wasije wakajazana mlangoni. Mimi ningeweza kumwomba mtu mwingine, lakini hakuna aandikaye kama wewe."

Miaka kumi na mmoja Nukta alikuwa amenyoosha sentensi za watu wengine. Hakuna hata siku moja aliyoombwa sentensi yake. Aliandika, akaisoma kwa sauti, akaipenda mwenyewe. Vilemba vya ukoka, msomaji, vimewavua watu wengi nguo.

"Shangazi," Nukta alisema sasa, akijaribu kutuliza sauti, "tiketi ya bahati nasibu ulinunua wapi?"

"Sikununua."

"Sasa utavunaje usichokipanda?"

Shangazi alimnyang'anya barua akaweka kidole. "Si hapa wamesema? *Ushindi wako ni halali; hauhitaji tiketi.*"

"Na hiyo ada? Humu haikuandikwa."

"Walinipigia simu. Mtu mpole, ananiita mama. Akasema ni ya kufungulia tu, halafu zawadi inatoka yote."

"Bahati nasibu ya kweli haimdai mshindi, shangazi. Kama kuna kodi, inakatwa hukohuko kwenye zawadi. Na mshindi hafuatwi nyumbani kama mgonjwa. Anakwenda mwenyewe ofisini kwao, na tiketi yake mkononi."

"Hiyo ni ya zamani. Hii ni maalumu."

"Nisikilize. Kila Jumatano namba za washindi zinapita mezani kwangu. Mwenzangu anazisoma kwa sauti, mimi nafuatisha kwa rula, tarakimu kwa tarakimu, mara mbili. Tukikosea moja tu, kesho watu watatuvunjia madirisha. Zinachapishwa wazi, kila mtu anaziona. Yako haijapita."

"Haiwezi kupita. Yangu ni ya siri."

"Zawadi ya siri kutoka kwa watu usiowajua?"

Shangazi alishusha miwani hadi ncha ya pua akamtazama kwa juu yake. Halafu alisema kwa ghibu, polepole, kama anayesoma sala: "*Heri ashindaye kimya, furaha itangazwayo mapema huita husuda.*"

Nukta alihisi amechomwa na sindano.

"Maneno ya mtu mwenye hekima hayo," shangazi aliendelea. "Nimeyashika kichwani. Ndiyo maana sikumwambia jirani, sikumwambia hata mwenye nyumba. Wewe nimekwambia kwa sababu ni mwanangu. Na wewe ndiye wa kwanza kunipinga."

"Shangazi, sikupingi..."

"Nilipoyasoma niliwafikiria majirani," alisema. "Kumbe husuda yenyewe imekaa sebuleni kwangu."

Mshale umerudi kwa mwenye upinde. Nukta aligeuka pembeni asimwonyeshe macho yake, na hapo ndipo alipoona kwamba chumba kilikuwa kikubwa kuliko kawaida. Mwanga wa dirishani ulifika hadi sakafuni bila kuzuiwa na kitu. Juu ya saruji palikuwa na alama nne za kutu.

"Cherehani iko wapi?"

"Nimeiuza."

"Umeiuza!"

"Leo asubuhi. Pesa hizi hapa." Alipiga-piga mkoba wa vifungo uliokuwa mapajani mwake. "Ada ningeitoa wapi? Kwenye pindo la gauni?"

Cherehani ile ya kukanyaga kwa miguu ndiyo iliyowalipia karo, yeye na Dili. Ndiyo iliyomlaza Nukta usingizi utotoni, maana hakuweza kulala mpaka aisikie ikinguruma. Bila cherehani ile shangazi alikuwa mama mzee mwenye mkasi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Daktari amesema macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Mpaka lini nitakuwa wa kuwaomba nyinyi? Nikichukua zawadi nitafanyiwa macho, nitanunua cherehani ya umeme, na bado itabaki." Sauti yake ililegea kidogo. "Nilitaka mara moja tu nipate kitu bila kumsumbua mtu."

Ukuta ulikuwa na saa. Ilionyesha saa tisa na dakika ishirini.

Nukta alitoka akaingia koridoni, akaenda hadi mwisho kwenye bomba la wapangaji wote, akampigia mdogo wake.

"Kaka! Nakusikia kwa mbali," Dili alijibu. "Niko safarini."

"Ile barua ya duka la jamaa yako."

"Eeh?"

"Iko mikononi mwa shangazi. Na kuna mtu anakuja saa kumi kuchukua pesa."

"Duh," Dili alisema. "Dunia ndogo."

"Dunia ndogo? Ni matapeli hao, Dili! Ulinitumia!"

"Mimi niliwauzia karatasi tu. Wanampelekea nani, sijui. Niko huku tangu Jumatatu, nitajuaje?"

"Basi nakwenda polisi sasa hivi."

"Nenda." Sauti ya Dili haikupanda wala kushuka. "Lakini kumbuka, ile karatasi uliyoisahihisha sikuitupa. Wino mwekundu, mwandiko wako, na chini umeandika sentensi nzima kwa mkono wako. Jina langu halimo popote. Lako nalo si lazima liwemo, mhariri wako akiuona ule mwandiko tu atakuita."

"Unanitisha mimi? Kaka yako?"

"Nakukumbusha tu."

Simu ilikatika.

Msomaji, usimhukumu haraka. Wewe una kibarua, una kodi ya nyumba, una heshima kazini, na yote hayo yamekunjwa pamoja na karatasi iliyo mfukoni mwa mtu. Ungefanya nini? Nukta alifungua bomba, akanawa uso, akafunga bomba, akalifungua tena.

Wazo la kwanza lilikuwa tamu. Anyamaze. Wakala akija, amkabe pale mlangoni amfukuze, na shangazi asijue lolote. Lakini kesho je? Watampigia tena, watamwita mama, naye atafunga mkoba wake atawafuata huko waliko. Maadamu aliiamini barua, hakuna mlango ambao ungemzuia. Na barua aliiamini kwa sababu alimwamini Nukta. Palikuwa na njia moja tu ya kuiua ile barua, nayo ilipita katikati ya kifua chake.

Alirudi ndani. Saa kumi kasorobo.

"Shangazi, shika barua. Vaa miwani."

"Nimechoka na maswali yako."

"Siulizi. Wewe fuatisha tu kwa kidole."

Akaugeukia ukuta, asione karatasi, akaanza. "*Mpendwa Mshindi, kwa heshima na taadhima tunakuletea habari njema.* Mwanzoni ilikuwa *heshima na tathmini*. *Namba yako imechaguliwa miongoni mwa nyingi.* *Ushindi wako ni halali,* nukta mkato, *hauhitaji tiketi.* Aya mpya..."

Aliisoma yote kwa ghibu, na vituo vyake, na aya zake. Nyuma yake alisikia kidole cha shangazi kikikwaruza karatasi, kikienda, kikienda, halafu kikasimama. Akafika kwenye heri ashindaye kimya, akaimaliza.

"Hiyo ya mwisho hata sikuisahihisha," alisema akiwa bado ameelekea ukutani. "Niliitunga. Hakuna kampuni, shangazi. Hakuna zawadi. Mtu mwenye hekima unayemsema ni mimi."

Aligeuka.

Shangazi alikuwa amevua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa kama wa mtu mwingine, mgeni aliyekuja kuuliza njia.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Sikujua ni ya kazi gani. Wallahi sikujua. Sikujua itakuja kwako."

"Ingekwenda kwa nani? Kwa shangazi wa mwenzako?"

Katika miaka yote ya kusahihisha Nukta hakuwahi kuona sentensi iliyonyooka namna ile.

"Nimekufundisha kushika kalamu mimi," shangazi alisema. "Nilikushika mkono hivi, ulikuwa unaandika herufi zimelala kama wagonjwa. Ndiyo uje uniandikie mimi hii?"

"Aliniletea Dili."

"Usimtie mwenzako!" Sasa alipandisha sauti, na machozi yalipanda pamoja nayo. "Ukikamatwa ugoni unataja jirani! Mwenzako leo asubuhi ndiye aliyenibebea cherehani begani mpaka kwa mnunuzi. Mnunuzi akataja bei, nikasita kidogo, Dili akanivuta pembeni akaniambia, shangazi, bei hiyo usiiache. Amekunywa chai hapo ulipokaa. Wewe umenibebea nini?"

Nukta aliisogelea meza.

"Leo asubuhi?"

"Leo. Kikombe chake hicho hapo."

"Shangazi, sasa hivi nimezungumza naye kwa simu. Ameniambia yuko safarini tangu Jumatatu."

Shangazi alikitazama kikombe. Akamtazama Nukta. Kuna watu wakiambiwa jambo baya hupiga kelele. Yeye alikunja barua mara mbili, akaiweka juu ya meza, akainyoosha ukingo wake kwa ukucha kama anayepima upindo.

"Mpigie tena," alisema. "Weka sauti kubwa. Na usimwambie nipo."

Saa kumi kasoro dakika tano. Nukta aliketi akaiweka simu mezani, katikati yao. Iliita mara mbili tu.

"Umeshatulia?" Sauti ya Dili ilijaa sebuleni.

"Nataka kujua jambo moja. Ulijua ni shangazi?"

"Kaka, tusizunguke. Jamaa yuko njiani, amebakiza mtaa mmoja. Wewe kaa kimya, mgao wako nitakuletea mwenyewe. Kwanza una haki yako. Ile sentensi yako ya husuda imewafunga watu midomo mpaka tunacheka. Una kipaji, kaka. Unajipotezea hapo gazetini."

"Nimekuuliza kuhusu shangazi."

"Sasa wengine wanapata watu kwa shida, mimi ninaye nyumbani. Ningemwacha wa nini?"

Nukta aliogopa kuinua macho. "Na cherehani yake? Atakula nini?"

Dili alicheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililotisha. Alicheka kama anavyocheka siku zote, kwa wepesi, akiwa mtoto wa nyumba.

"Cherehani ya nini kwa mtu asiyeona tundu la sindano? Asubuhi ameniomba nimtungie uzi. Nikamtungia, nikaibeba cherehani nikaondoka nayo. Ungeona alivyonishukuru, kaka. Amenibariki mpaka mlangoni."

Shangazi hakusogea. Mikono yake ilikuwa juu ya mkoba wa vifungo. Nukta alinyoosha mkono amshike. Shangazi aliusukuma.

"Hodi!" Sauti ya mwanamume iliita mlangoni. Sauti ya upole, ya mtu aliyezoea kukaribishwa. "Hodi, mama! Wa bahati nasibu hapa."

Nukta aliruka wima. Shangazi alimnyooshea kidole akae, na Nukta akakaa, maana kidole hicho alikijua tangu utoto.

"Subiri hapo nje, baba," shangazi aliitikia kwa nguvu. "Nakuja."

Kwenye simu Dili alikuwa amenyamaza ghafla. Sauti ya shangazi alikuwa ameisikia.

Shangazi aliinua simu akaiweka karibu na mdomo.

"Mwanangu."

Aliisogeza simu zaidi.

"Najua unanisikia. Wakala wako amefika, nimemwacha nje. Pesa ya cherehani ninayo hapa, haijapungua. Lakini mgeni simpi. Mgeni hanijui, sina la kumuuliza. Kama unaitaka, njoo uichukue wewe, mkononi mwangu, huku nikikutazama na haya macho yaliyobaki."

Nukta alijikuta anaomba moyoni. Hakuomba Dili akiri, wala asamehewe. Aliomba apatwe na haya tu. Alie, atukane, aangushe simu. Hata akikata tu, itakuwa haya, na mwenye haya bado ana pa kurudia.

Ndani ya simu walisikia pumzi. Walisikia pikipiki ikipita huko aliko, na sekunde hiyohiyo wakaisikia ikipita hapa, nyuma ya nyumba, chini ya dirisha.

"Haya, nakuja," Dili alisema. "Dakika mbili tu, shangazi. Usimpe mtu mwingine."